Natafuta Impela ya Boti, Naletewa Kinanda

Wasomaji wangu salaam. Inboksi ya mwezi huu imejaa malalamiko ya aina moja, watu wanasachi kitu hiki mtandaoni wanaletewa kile, sasa badala ya kuyachanganya na maswali ya betri kuisha chaji nimeona niyakusanye hapa tumalizane nayo. Barua zote ni za Lamu na Malindi, nimezifupisha tu kidogo, maneno ni yenu wenyewe. Wale mlioandika kuhusu wasap zilizofungwa mtanisamehe, nyinyi ni toleo lijalo.

SWALI: Assalamu alaykum ami. Mimi ni nahodha hapa Lamu, nabeba abiria na mizigo kwenda na kurudi Mokowe, huko bara. Mashine yangu ni Yamaha ya 15, hii ya tustroki. Siku hizi maji ya kupozea yanatema kidogo kidogo, fundi kafungua kaniambia impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupozea, imekwisha mabawa. Hapa hakuna, Malindi wananiambia ngoja ngoja. Nikaingia kwenye simu nikaandika impela ya Yamaha, wallahi nimeletewa kinanda, nimeletewa pikipiki, nimeletewa feni ya kompyuta na spika za harusini. Nikaandika kwa Kizungu nikaletewa pampu za visima. Bando imekwisha na mashine imelala uani haina kazi. Ndia ni ipi? (Nahodha, Mkomani)

JIBU: Wa alaykum salaam nahodha, pole sana. Hilo la kinanda lina historia yake. Yamaha ilianza Japani mwaka 1887 kwa kutengeneza vinanda, hii kampuni ya pikipiki na mashine za boti ikajitenga mwaka 1955 lakini jina wakabaki nalo, na hata ile alama yao ya duara ukiikazia macho utaona ni vyuma vitatu vya kupimia sauti ya ala za muziki. Kwa hivyo ukiiandikia kompyuta ya duka neno Yamaha, kinanda kwake ni Yamaha halali kabisa, na wenye kuuza vinanda ni wengi kuliko wenye kuuza impela, basi hao ndio watakaojaa mbele.

Lakini si hilo tu. Hizi site za kuuzia vitu zimetengenezwa zisikuambie "hatuna". Ukenda duka la vyuma ukauliza impela, mwenyewe atakuambia sina bwana, jaribu kwa fulani, mambo yamekwisha. Duka la kwenye simu halina ulimi huo, likikosa impela litakuokotea chochote chenye neno moja katika yale uliyoyasema, maana wanachoogopa ni wewe kutoka mikono mitupu. Halafu juu ya hapo kuna matangazo. Muuzaji akilipia tangazo anachagua maneno, na akitaka anauachia mfumo uyanyooshe hayo maneno wenyewe, yaani jamaa kalipia "pampu", mfumo ukaona impela na pampu ni watu wa ukoo mmoja, basi pampu ya kisima iliyokusudiwa mkulima wa Kitui ikaja kwa nahodha wa Lamu. Mara nyingi muuzaji analipishwa kila mtu akibonyeza, na wewe ukibonyeza kwa hasira tu uone huu ni upuzi gani, mfumo haujui hasira, unaandika kuwa umependa, kesho unakuongezea visima.

Sasa dawa. Acha kutafuta kwa jina, tafuta kwa namba ya spea. Spea za Yamaha zina namba ya mafungu matatu. Fungu la mwanzo linataja modeli, la kati ni tarakimu tano na ndilo linalosema hii ni spea gani, la mwisho ni toleo. Impela ya pampu ya maji fungu lake la kati ni 44352, iwe mashine ya 15 iwe ya 40, hilo la kati halibadiliki. Linalobadilika ni la mwanzo, na hapo ndipo watu wanapochomeka, kwa sababu mashine mbili za 15 za miaka tofauti zaweza kuwa na impela zisizoingiliana. Kwa hivyo kaitazame ile sahani ndogo kwenye kibano kinachoshika tezi, yaani nyuma ya boti, isugue chumvi, soma herufi na namba za modeli, zipige picha. Na ile impela mbovu usiitupe, ioshe uiangalie ubavuni, nyingine zina namba iliyotokeza kwenye mpira wenyewe. Hesabu mabawa, pima upana wake kwa rula na lile tundu la katikati.

Ukishapata, toka nje ya duka. Usisachi ndani ya site ya duka, sachi kwenye Google yenyewe, na uandike namba ndani ya alama za kunukuu hivi: "44352" Yamaha 15, halafu nyuma yake weka alama ya kutoa imeshikana na neno usilolitaka, hivi: -piano -keyboard. Isiwe na nafasi baina ya alama na neno, ukiacha nafasi haifanyi kazi. Alama za kunukuu maana yake ni hili hili, usinibunie. Na kama bado inabuni, kwenye kompyuta au kwenye kivinjari cha simu kuna mahali pameandikwa Tools, fungua, bonyeza All results, chagua Verbatim. Hiyo Google waliiweka mwaka 2011 walipoondoa ile alama ya kujumlisha tuliyokuwa tukiitumia zamani, na mimi nashangaa mpaka leo kwa nini wameificha huko ndani kama kitu cha aibu.

Kupiga picha impela na kuipa simu ikutafutie kwa picha pia inasaidia, lakini ile inatafuta kinachofanana, si kinachoingia. Impela zote zinafanana. Tumia picha upate jina na aina, ukija kununua rudi kwenye namba.

Ukimpata muuzaji Mombasa au Nairobi usilipe kwanza, mtumie kwa wasap namba nzima na picha ya sahani, muulize unayo mkononi au utaiagiza, akutumie picha ya pakiti namba isomeke. Akikutumia picha ya katalogi hana huyo. Na ukinunua chukua seti nzima yenye gasketi na kii yake (kile kichuma kinachoifunga impela kwenye shafti), usichukue mpira peke yake, fundi wako atakushukuru.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mama na shangazi zangu wanasuka mikeka na mimi nimewafungulia ukurasa niwauzie. Nimeandika "mikeka mizuri bei nafuu, karibuni inboksi". Wanaokuja inboksi ni vijana wa Nairobi na Dar wananiuliza mkeka wa leo una timu ngapi. Mmoja kaniambia atanilipa nimpe odi za uhakika. Na mimi nikisachi bei za wenzangu napata mpira tu, Arsenal juu Arsenal chini. Nifanye nini? (Binti wa Matondoni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka nikaulizwa kuna nini. Ndiyo hivyo, vijana wa kubeti wamelichukua neno, mkeka kwao ni ile orodha ya mechi, na ikipotea moja mkeka umechanika, na kwa kuwa wao wanaandika kila siku asubuhi na jioni na watu wanabonyeza kwa maelfu, mitandao imejifunza kuwa mtu akisema mkeka anataka mpira. Wewe na mama yako hamuwezi kuwashinda kwa wingi, msijaribu.

Njia ni kutumia maneno ambayo mtu wa kubeti hayajui kabisa. Kwenye mstari wa kwanza, sio huko chini, andika mkeka wa ukili (ule utepe uliosukwa), andika miyaa (yale majani ya kusukia), andika rangi, andika saizi kwa futi, sita kwa nne, tatu kwa mbili. Kama ni wa kuswalia sema msala, kama ni lile zito la chini sema jamvi. Mtu anayesachi "msala wa miyaa" hana haja na Arsenal, huyo ni mteja. Halafu weka na jina la Kizungu papo hapo, wenye hoteli za Shela na wageni wanaotaka kubeba zawadi hawasachi kwa lugha yetu, na wao ndio wanaolipa bila kubembelezana sana. Taja Lamu. Watu wanatafuta kwa jina la mahali kuliko unavyodhani.

Picha ya kwanza iwe mkeka umetandikwa chini na mtu amekaa juu yake au kuna kiti pembeni, ili ukubwa uonekane, ya pili iwe karibu kabisa pale ukili ulipoungwa na ukili mwenzake, mshono uonekane. Mteja anayejua kitu atatazama hapo tu, mshono uliolegea anauona hata kwenye simu mbovu.

Na ukitaka kuona bei za wenzako sachi "mkeka wa ukili" kwenye alama za kunukuu kisha -odds -bet -tips. Ukiona bado mechi zinapenya ongeza -timu. Huyo wa odi za uhakika kama alishatuma hela mrudishie, usije ukasikia unatangazwa tapeli wa mikeka na hujawahi hata kutazama mpira.

SWALI: Kaka mambo. Nina elfu kumi na mbili nataka Samsung A15 hata kama ni ya mkono wa pili. Nikiingia duka la onlaini nikapanga bei kutoka ya chini kwenda juu, ukurasa wa kwanza kava, wa pili kava, wa tatu kioo cha kubandika, wa nne stika. Nikipanga kwa zinazopendekezwa naletewa simu za elfu sitini na blenda. BLENDA kaka. Hii mitandao inatuona sisi wajinga ama? (Kijana wa Maweni, Malindi)

JIBU: Poa mdogo wangu. Wanakuona mteja, ambayo mara nyingine ni mbaya zaidi.

Kava zinakuja kwa sababu muuza kava kaandika jina la simu kwenye jina la kava. Tena haandiki moja, anaandika kava ya A15 A14 A13 A05 zote kwenye mstari mmoja ili anaswe na kila mtu anayepita. Kompyuta inatafuta A15, imeiona, inakuletea, na kwa kuwa umeomba bei ya chini kwanza basi kava ya mia mbili lazima itangulie simu ya elfu kumi. Hapa dawa ni rahisi sana na watu wengi hawaijui: kabla ya kupanga bei chagua kwanza kundi, ingia mlango wa simu sio wa vifaa vya simu, halafu pale kwenye bei weka na bei ya chini. Usiweke ya juu tu. Weka kuanzia elfu saba mpaka elfu kumi na mbili. Kava zote zinaanguka kwa mpigo mmoja, blenda ikiponea hapo basi ina wenyewe.

Sasa hiyo "zinazopendekezwa". Zinapendekezwa na nani? Jiulize hilo kila ukiliona hilo neno. Sehemu kubwa ya juu ya ukurasa ni mahali pa kulipia. Tazama vizuri kona ya picha utaona kaneno kadogo ka kijivu, sponsored, kameandikwa kwa herufi ambazo mzee wangu anahitaji miwani miwili kuzisoma. Na usidhani ni matatizo ya maduka yetu ya huku tu. Mwaka 2023 mwezi wa tisa serikali ya Marekani kupitia tume yao ya biashara, FTC, pamoja na majimbo 17 walifungua kesi dhidi ya Amazon, na moja ya malalamiko ni kwamba matokeo ya kusachi yamejazwa matangazo yasiyohusiana na alichotafuta mnunuzi. Kwa hivyo hata mtu wa Chicago analetewa blenda yake.

Tena hili jambo lilijulikana mapema. Wale vijana wawili waliounda Google, Larry Page na Sergey Brin, mwaka 1998 wakiwa bado wanafunzi waliandika kwenye makala yao ya kitaaluma kuwa mtambo wa kusachi ukiishi kwa pesa za matangazo utaegemea upande wa wenye matangazo na kuwaacha watafutaji. Wenyewe waliandika. Haikupita miaka mingi, 2000, wakaanza kuuza matangazo. Mimi siwalaumu kwa kutafuta riziki ila naona wanafunzi wale walikuwa na akili kuliko matajiri waliokuja kuwa.

Kingine, soma maoni ya wanunuzi kabla ya kutazama nyota. Kuna mchezo wa muuzaji kuchukua ukurasa wa bidhaa ya zamani iliyosifiwa, akabandika bidhaa mpya juu yake, nyota zikabaki. Marekani kuna kampuni ya vidonge vya vitamini ilibebeshwa dola 600,000 mwezi wa pili 2023 kwa kuunganisha bidhaa zake mpya na zile zilizokuwa na sifa. Wewe ukiona simu ina nyota nne na nusu halafu ukisoma watu wanasema "kiatu kimenikaa vizuri sana", toka hapo mbio.

Kwa elfu kumi na mbili A15 ya mkono wa pili yawezekana ukaipata lakini usinunue kwa picha. Kutana na mtu mchana, mahali penye watu, piga *#06# uone namba ya IMEI, kile kitambulisho cha simu, ndani ya simu iwe sawa na ya kwenye boksi, tia laini yako upige, fungua kamera zote mbili, na kabla ya kutoa pesa mwambie mwenyewe atoe akaunti yake ya Google mbele yako uone. Asipoitoa ile simu bado ni yake, wewe umenunua taa.

SWALI: Salaam alaykum. Mimi nafanya kazi kwenye gesti Shela. Wageni wetu wanakuja wamekasirika, wanasema Kenya imewatoza pesa nyingi za kuingia, mwengine dola themanini mwengine zaidi. Nikiwauliza waliomba wapi wanasema kwenye Google, ya kwanza kabisa. Halafu lawama ni kwetu kama kwamba sisi ndio uhamiaji. Hii ni haki? (Mpokea wageni, Shela)

JIBU: Wa alaykum salaam. Si haki lakini si kosa lenu. Viza iliondolewa Januari 2024 ikawekwa hii eTA, kibali cha kuingia cha mtandaoni, mgeni anaomba kwenye mtandao kabla ya kupanda ndege, na ada yake ilianza dola 30 na makato madogo ya malipo. Mara tu ilipoanza yakazuka ma-ajenti ya kwenye mtandao yanayojaza fomu ile ile kwa niaba ya mgeni na kutoza mara mbili mara tatu, wengine wanafanya kazi kweli, wengine wanachukua maelezo ya pasipoti na kukaa kimya. Hao wanalipia tangazo wakae juu ya site ya serikali. Mgeni kachoka, yuko uwanja wa ndege wa huko kwao, anaona bendera ya Kenya na picha ya twiga, anabonyeza ya kwanza. Nani angesoma anuani saa hiyo?

Site ya serikali ni etakenya.go.ke. Herufi za mwisho go.ke ndizo za kuangalia, na ziwe mwisho kabisa kabla ya mkwaju (hii alama /), maana kuna wajanja wanaandika go-ke katikati ya jina halafu mwisho ni com. Kwa eTA, isiyoishia na go.ke si ya serikali hata ikiwa na ngao na bendera sita.

Dawa yenu nyinyi wenye gesti ni kumtangulia Google. Mgeni akishalipia chumba, ile meseji ya kumthibitishia mbandikieni link yenyewe ya eTA, na chini yake mstari mmoja wa kumwambia asiisachi, aibonyeze hii hii. Mimi ningeiweka juu kabisa hata kabla ya saa za chai. Na aliyeshalipa ajenti akasikilizane na benki yake iliyotoa kadi, mapema, hilo nyinyi hamna mkono.

Na hili si la wageni peke yao. Ukisachi cheti cha kuzaliwa, leseni, namba ya kodi ya KRA, utakuta juu kuna mtu amejipachika. Sheria ni ile ile, tazama mwisho wa anuani.

SWALI: Nimenunua friza la kuuzia wavuvi barafu, limeshafika, linafanya kazi, alhamdulillahi. Sasa kila nikifungua simu naonyeshwa friza. Kwenye habari friza, kwenye video ya mawaidha friza. Hawajui kama nimeshanunua? (Mama Barafu, Malindi)

JIBU: Hawajui mama. Ulipotazama friza kwenye site ile, kivinjari chako kilipachikwa alama, na wauzaji wa friza wakaambiwa kuna mtu anataka friza. Ulipolipa, pengine kwa Mpesa dukani au kwa mtu mwengine, hakuna aliyerudi kuwaambia mumemaliza. Wanaendelea kulipia tangazo bure bure, waache waliwe. Ukichoka, bonyeza zile nukta tatu kwenye tangazo utaona pa kusema sitaki kuliona hili, na kwenye akaunti yako ya Google kuna mahali panaitwa My Ad Center, hapo unazima matangazo yanayokufuata. Matangazo hayatakwisha, yatakuwa ya vitu vya watu wengine. Futa pia cookies, ndizo hizo alama, kwenye kivinjari, ila ujue utalazimika kuandika paswedi upya kila mahali kwa hivyo uwe unazikumbuka.

SWALI: Mimi yangu ni fupi. Natafuta kitu, nakipata, bei nzuri, najaza jina, najaza namba, natia lokesheni Lamu, hapo ndipo naambiwa hatuleti kwako. Mwisho wa safari! Kwa nini wasiseme mwanzo? Na mara nyingine wanakubali halafu gharama ya kuleta inazidi kitu chenyewe. (Mwalimu, Langoni)

JIBU: Mwalimu, wangesema mwanzo usingejaza namba yako ya simu, na namba yako ni mali. Sheria ya kulinda walaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni akuelezee mambo ya msingi na akupe nafasi ya kukubali au kukataa kabla hujafunga mkataba, lakini wao watakuambia si tumekuambia kabla hujalipa, na hapo kisheria wana pa kushika. Kero inabaki kero.

Fanya kinyume. Kabla ya kusachi chochote kwenye apu ya duka, nenda kwenye mipangilio uweke lokesheni kwanza, Lamu, uone itakuletea nini. Zingine zitaficha zenyewe vitu visivyofika. Kama Lamu haipo kwenye orodha kabisa jaribu Malindi au Mombasa uone kuna kituo cha kuchukulia, halafu piga hesabu ya mwenyewe: kutoka hapo mpaka Mokowe kwa basi la vifurushi, boti mpaka gati ya Lamu, na mkokoteni au punda mpaka mlangoni. Vitu vidogo kama spea, dawa za ngozi, vitabu, hiyo njia inalipa. Godoro hailipi, kanunue hapo hapo Langoni, utalilalia kwanza dukani na ukishabishana bei utaletewa na mtoto wa mwenye duka.

Muuzaji binafsi ni rahisi zaidi kuliko duka kubwa. Muulize swali moja tu kabla ya bei: umewahi kutuma mzigo Lamu, na ulitumia basi gani? Anayetuma kweli atataja basi na atakuambia mzigo unaondoka saa ngapi. Asiyewahi atakujibu "tunatuma kote nchini". Huyo usimpe hata jina lako, tafuta mwengine, na ukipata wa kweli hifadhi namba yake, wenzako wa shuleni pia watamhitaji.